Mpira Uliotoka Mgombani: Michezo ya Watoto wa Buwenge na Elimu Iliyokuwa Ndani Yake

Buwenge ni mji mdogo wa wilaya ya Jinja, mashariki mwa Uganda, kando ya barabara inayotoka Jinja kwenda Kamuli. Katika vitabu vya historia ya Busoga jina lake halitajwi sana, na aghalabu nchi inayouzunguka hutajwa kwa sababu ya pamba, miwa, reli au madaraka ya machifu. Watoto hawasikiki. Lloyd Fallers, aliyechapisha mwaka 1956 kitabu chake mashuhuri juu ya utawala wa Wasoga, alituachia maelezo ya kina kuhusu ukoo, uchifu na serikali. David William Cohen, katika vitabu vyake vya miaka ya 1970, alikusanya masimulizi ya wazee juu ya chimbuko la falme ndogo za nchi hiyo. Kazi zao ni kubwa, na hakuna haki ya kuwalaumu kwa kutoandika wasichokitafuta. Lakini anayetaka kujua mtoto wa miaka sita alishindaje siku yake huko Buwenge mwaka 1900, 1930 au 1960, alicheza nini na mchezo ule ulimwachia nini kichwani, itambidi asome ushahidi wa aina nyingine: vitu vyenyewe vya kuchezea, malighafi yake, kanuni za mchezo na majina. Ukisomwa vizuri, ushahidi huo unaonyesha jambo ambalo mjadala wa leo wa elimu ya awali unalipita haraka mno. Sehemu kubwa ya elimu ilikuwa katika kukitengeneza kitu cha kuchezea, kabla mchezo wenyewe haujaanza, na kila kizazi cha watoto kilitengeneza kwa mabaki ya kazi za wakubwa wake.

Tuanze na mpira. Mgomba ukikomaa, maganda ya nje ya shina hukauka na kuning'inia, mepesi, yenye rangi ya chai ya maziwa. Uganda huitwa byayi, na kwa watu wazima yana kazi nyingi: kufungia mizigo, kusukia mikeka, kufunikia vyungu. Mtoto huanza kwa kukusanya majani makavu ya mgomba huo huo, akayafinya kwa viganja viwili hadi yawe bonge gumu. Kisha huchagua maganda. Lililokauka kupita kiasi hupasuka likikunjwa. Lenye maji bado hukubali kukunjwa, lakini kesho likikauka husinyaa na mpira ukalegea. Basi hulilowesha kidogo tu, kiasi cha kulilainisha, akalichana vipande vyembamba, akaanza kuvizungusha, na kila akizungusha hugeuza bonge ili asiupe unene upande mmoja. Mwisho husokota kamba juu ya paja na kuifunga kama wavu wa mafundo kuzunguka mpira wote, fundo baada ya fundo, yote yakiwa na umbali uleule. Fundo moja likikosea, mpira utafumuka kwa teke la tatu. Mtoto aliyefika hapo ameshajifunza habari ya uzito, mviringo, unyevu, mkazo na kipimo, na hakuna mtu aliyemtajia hata neno moja kati ya hayo.

Mwaka 1837, katika mji mdogo wa Bad Blankenburg huko Ujerumani, Friedrich Froebel alifungua shule ya watoto wadogo ambayo baadaye aliipa jina la bustani ya watoto, na ndiyo mama wa chekechea zote zilizoenea duniani. Alitunga mfululizo wa vitu vya kuchezea alivyoviita zawadi, na zawadi ya kwanza kabisa ilikuwa mipira midogo ya sufu. Aliamini kwamba mtoto akishika kitu cha mviringo, akakigeuza na kukiachia, anaanza kuuelewa ulimwengu. Aliona mbali, na walimu wa watoto wadogo bado wana deni kwake. Hata hivyo, mpira wa Froebel humfikia mtoto ukiwa umekamilika. Mkono wa mtu mwingine ndio uliousokota. Mpira wa Buwenge humfikia mtoto ukiwa bado ni mgomba. Ulinganisho huu haukusudiwi kumshindanisha Mjerumani na Msoga. Unatusaidia kuona kwamba kuna hatua nzima ya kujifunza ambayo nadharia ya Ulaya haikuiweka mwanzoni, na ambayo huko Busoga haikuhitaji nadharia kwa sababu hapakuwa na njia nyingine ya kupata mpira.

Mchezo wenye ushahidi mzito zaidi ni omweso. Msomaji wa Pwani atautambua mara moja: ni ndugu wa bao, mashimo thelathini na mawili kwa safu nne za nane nane, kete sitini na nne, kila mchezaji akimiliki safu mbili na kete thelathini na mbili. Watu wazima hucheza juu ya ubao uliochongwa kwa mti. Watoto huchimba mashimo ardhini kwa vidole au kijiti, na badala ya mbegu ngumu na laini za kuchezea hutumia chochote kinachofanana: mawe, punje, mbegu za matunda. M. B. Nsimbi, mwandishi wa Kiganda aliyehifadhi mengi ya desturi za nchi yake, aliuandikia mchezo huu kijitabu maalumu mwaka 1968, na kutokana na kazi kama yake tunajua kwamba omweso ulikuwa mchezo wa mabaraza ya wakuu na pia wa uwanja wa nyumba ya kawaida. Kanuni zake hazina bahati nasibu. Mchezaji huchota kete za shimo moja na kuzisambaza moja moja kinyume cha saa. Kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, huchota tena na kuendelea. Ikiangukia shimo la safu ya ndani lililo na kete, na mashimo mawili ya mpinzani yanayolikabili yote yana kete, anazitwaa zote na kuzisambaza upya kuanzia pale mzunguko huo ulipoanzia.

Sheria hiyo inamfanyia kazi kubwa mtoto anayeijifunza. Upande wake una mashimo kumi na sita, kwa hiyo shimo lenye kete kumi na sita litamrudisha palepale alipoanzia. Hilo hafundishwi, hulikuta siku moja amejikwaa nalo, na tangu siku hiyo anajua kuhesabu kwa mzunguko. Akitaka kula kete za mpinzani lazima ajue kabla ya kuchota mkono wake utaishia wapi, na kwa kuwa kuna kuendelea na kuendelea, hesabu ya hatua moja haimtoshi. Lazima aibebe kichwani hesabu ya hatua mbili, tatu, huku mashimo yakibadilika njiani. Kuna pia ushindi wa heshima ambao Waganda huuita emitwe ebiri, yaani vichwa viwili, pale mchezaji anapokula kete za ncha zote mbili za ubao katika zamu moja. Anayelenga ushindi huo analazimika kuutazama ubao mzima kwa jicho moja. Na kabla ya yote hayo kuna uchimbaji: mtoto aliyechimba safu nne za nane nane ardhini, zikalingana, ameshaandika jedwali la kuzidisha kwa udongo.

Hapa patakuwa na mtu wa kupinga, na hoja yake ina uzito. Atasema: mchezo ni mchezo, hakuna mzee wa Busoga aliyekaa akakusudia kufundisha hesabu kwa omweso, na tukiita kila jambo elimu, neno elimu litapoteza maana. Kwanza, makusudi ya mkubwa si kipimo pekee cha alichojifunza mdogo. Mtoto hujifunza lugha yake yote bila mtu kukusudia kumfundisha, na hakuna anayedai kwamba hakujifunza. Pili, wazee walikuwa na macho. Walijua nani ana kichwa cha omweso na nani hana, na mtu mwepesi wa kete alionekana pia kuwa mtu wa kusikilizwa barazani. Tatu, na hili ndilo la maana zaidi kwangu, kipimo cha mchezo wa kuelimisha ni kile ambacho mchezo unamdai mtoto. Omweso unadai hesabu, kumbukumbu, subira na kukubali kushindwa mbele ya watu. Mpira wa mgomba unadai mkono na jicho. Anayesema hayo si elimu anapaswa kutuonyesha chekechea ya leo inayodai zaidi ya hapo.

Upinzani mwingine unahusu ukale. Tukisema michezo ya jadi, msomaji huona kitu kilichosimama tangu enzi, kama jiwe. Ushahidi unakataa picha hiyo. Chukua dulu, mchezo wa gololi unaopendwa na wavulana wa Uganda yote, ambamo mtoto hudungua gololi ya mwenzake kwa kufyatua yake kwa kidole. Gololi za kioo hazikutengenezwa Busoga. Zilifika na biashara, na biashara ilifika na pamba. Mbegu za pamba ziligawiwa Uganda kuanzia mwaka 1903 na 1904. Mwaka 1912 Reli ya Busoga ilianza kubeba mizigo kutoka Jinja, kwenye Ziwa Victoria, hadi Namasagali, ikipita magharibi ya Buwenge. Na mwaka 1928 reli kuu ya kutoka Mombasa kupitia Tororo iliunganishwa nayo huko Mbulamuti. Nyuma ya pamba na reli walikuja wafanyabiashara wa Kihindi wakajenga maduka katika miji midogo iliyoota kando ya barabara, na dukani ndiko mtoto alikokutana na kioo, kopo, uzi wa mashine, sanduku la mbao na gurudumu la baiskeli. Kila kimoja kati ya hivyo, kikishachoka mikononi mwa mkubwa, kiliingia mchezoni. Rimu ya baiskeli isiyo na spoki ikawa gurudumu la kusukuma kwa kijiti barabarani. Kopo likawa ngoma. Pasipo gololi ya kioo, mbegu au kizibo cha soda kilijaza nafasi yake, na kanuni hazikubadilika.

Kwa hiyo historia ya uchumi wa Jinja inaweza kusomwa katika vitu vya watoto. Bwawa la Owen Falls lilifunguliwa na Malkia Elizabeth mwezi Aprili 1954, na umeme wake ukavuta viwanda: nguo za Nyanza, bia ya Nile, shaba ya Kilembe iliyoyeyushwa Jinja tangu mwaka 1956. Wafanyakazi walitoka Busoga, Bugisu, Bukedi, Kenya na mbali zaidi, wakaishi katika nyumba za Walukuba. Cyril na Rhona Sofer, katika utafiti wao juu ya mji huo uliochapishwa mwaka 1955, walieleza jinsi Jinja ilivyokuwa ikigeuka kasi kutoka mji wa soko kuwa mji wa viwanda. Viwanda huacha mabaki, na mabaki yale yalimpa mtoto waya na vizibo. Hapo ndipo tunapokutana na gari la waya. Mtoto hunyoosha waya kwa kuugonga juu ya jiwe, akaupinda kwa meno na vidole hadi upate umbo la bodi, akaufunga viungo kwa waya mwembamba zaidi, akaweka magurudumu ya vizibo au ya soli ya kandambili iliyokatwa mviringo, kisha akaunganisha usukani kwenye mti mrefu ili aliendeshe akiwa amesimama wima. Usukani ukipinda kulia, magurudumu ya mbele lazima yapinde kulia. Kulifanikisha hilo kwa waya wa kuokota ni kazi ya ufundi halisi, na mtoto hawezi kuifanya kabla hajainama chini ya lori la kweli na kutazama.

Kwa mchezo wa mbio na wepesi, wasichana walikuwa na kwepena. Jina lake ni kitenzi cha Kiganda, na msemaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani, maana linakaribiana na kukwepa. Wawili husimama pande mbili wakirushiana mpira, wa tatu yumo katikati, na kazi yake ni kutopigwa. Tanzania mchezo huu huitwa rede au nage, Kenya huitwa kati. Upo mtindo wake unaostahili kutazamwa kwa karibu: katikati huwekwa chupa tupu, na mchezaji lazima aijaze mchanga huku mpira ukipita. Anachota kwa kiganja, anamimina mdomoni mwa chupa, chembe zinamwagika pembeni, jicho moja kwenye chupa na jingine kwa mrushaji, anaruka, chupa inaanguka, nusu ya mchanga inatoka. Akiijaza, timu yake imeshinda. Ni vigumu kubuni zoezi bora la kugawa akili katika mambo mawili kwa wakati mmoja, na limebuniwa na watoto, kwa chupa na udongo, bila gharama. Kuna pia sonko, mchezo wa kuruka kwa mguu mmoja juu ya vyumba vilivyochorwa ardhini, na jina lake ni lile la gamba la konokono. Jina limehifadhi kifaa, hata pale ambapo siku hizi hurushwa kigae au jiwe.

Nimesema wasichana, na hapo pana jambo ambalo haifai kulificha. Michezo hii haikugawiwa sawa. Omweso kwa desturi ulikuwa wa wanaume. Msichana aliyekuwa akimbeba mdogo wake mgongoni tangu asubuhi hakuwa na saa ya kuinamia mashimo. Kijana wa mbuzi alipata nafasi ya kucheza malishoni, lakini dada yake alikuwa na maji, kuni na mtoto. Anayeitukuza zamani bila kulisema hili anatukuza nusu yake tu. Hata hivyo, ukweli huo unaigusa hoja yangu mahali fulani tu. Unaonyesha kwamba mgawanyo wa nafasi ya kucheza ulikuwa mbaya. Hauonyeshi kwamba mchezo wenyewe ulikuwa duni. Kwamba msichana alinyimwa omweso ni sababu ya kumpa omweso leo, darasani, pamoja na kaka yake.

Pingamizi kali kuliko yote, kwa maoni yangu, linatoka katika historia ya shule. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes, ambayo miongoni mwa wajumbe wake alikuwamo James Aggrey wa Gold Coast, ilizunguka Afrika Mashariki, Uganda ikiwemo, na ripoti yake ya mwaka uliofuata ilihimiza elimu inayolingana na maisha ya kijijini: kilimo, afya, kazi za mikono. Maneno yalikuwa mazuri. Wazazi wengi wa Kiafrika wakati wa ukoloni waliyasikia kwa namna nyingine. Waliona kwamba mtoto wa mkubwa wa Kizungu anapewa hesabu, sayansi na lugha, na mtoto wao anapewa ufagio na mkeka, wakahisi, kwa haki kabisa, kwamba elimu ya kazi za mikono ni njia ya kumweka mtoto wao pale alipo. Tangu hapo neno kazi za mikono limebeba harufu ya kudhulumiwa. Kwa hiyo mtu akitokea leo kuusifia mpira wa mgomba mbele ya mzazi wa Buwenge aliyejinyima ili alipe karo, mzazi huyo ana sababu ya kuuliza: mbona watoto wenu hawausokoti?

Swali hilo linastahili jibu la moja kwa moja. Umaskini hauna sifa yoyote, na mtoto aliyetengeneza mpira kwa kukosa fedha hakuchagua kuwa fundi. Lakini kosa la shule ya kikoloni lilikuwa kuutenganisha mkono na kichwa, kisha kumpa Mwafrika mkono. Mtoto mwenyewe, akiachwa na mgomba au waya, hakuwahi kuutenganisha. Gari lake la waya lilikuwa jiometri na lilikuwa ufundi kwa pamoja. Omweso ulikuwa udongo na ulikuwa hesabu. Kilichoharibu ni ratiba iliyoweka hesabu ubaoni saa mbili asubuhi na kazi za mikono saa nane mchana, kana kwamba ni akili mbili za watu wawili. Kwa sababu hiyo siwezi kukubaliana na wale wanaotaka kurudisha somo la mikeka, na pia siwezi kukubaliana na wale wanaodhani suluhisho ni kununua vitu vya plastiki vyenye rangi nyingi vikapangwa kwenye rafu ya chekechea. Hao wa pili wanarudia utengano uleule: kichwa cha kubuni kiko kiwandani mbali, na mtoto anabaki na kazi ya kubonyeza.

Miaka iliyofuata haikuwa ya utulivu. Kufukuzwa kwa Wahindi mwaka 1972 kulifunga maduka ya Jinja na miji yake midogo, viwanda vikazorota, na bidhaa za kawaida zikawa adimu. Rafu za maduka zilikuwa tupu, lakini mgomba ulibaki shambani na waya ulibaki jalalani.

Mabadiliko makubwa zaidi yalikuja na amani na shule. Mpango wa elimu ya msingi kwa wote wa mwaka 1997 uliinua idadi ya wanafunzi wa Uganda kutoka milioni 3 hivi mwaka uliotangulia hadi zaidi ya milioni 5, jambo jema ambalo lilimwingiza darasani mtoto aliyekuwa ameachwa nje. Madarasa yalifurika, na mwalimu mwenye watoto mia moja hana njia rahisi ya kuwatazama wakitengeneza kitu. Kwa watoto wadogo zaidi, mwongozo wa kitaifa wa kujifunza kwa umri wa miaka mitatu hadi sita ulitolewa mwaka 2005, sera ya malezi ya awali mwaka 2007, na mwaka huohuo mtaala mpya ukawataka walimu wa madarasa matatu ya mwanzo wafundishe kwa lugha ya eneo, ikiwemo Lusoga. Nyaraka hizi zinaupa mchezo nafasi yake. Lakini Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 iliiacha elimu ya awali mikononi mwa watu binafsi na taasisi zao, na chekechea inayoishi kwa karo lazima imwonyeshe mzazi kitu kwa fedha yake. Kitu kinachoonekana haraka ni daftari lililoandikwa na mtoto anayetamka Kiingereza. Mpira wa mgomba haumshawishi mlipa karo.

Njia nyingine imewahi kujaribiwa, na ilianzia Pwani yetu. Mpango wa chekechea za madrasa ulizaliwa Mombasa katikati ya miaka ya 1980 kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, baada ya viongozi wa Kiislamu kuona watoto wao wanabaki nyuma shuleni. Ulifika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Walimu, wengi wao akina mama wa mtaa uleule, walifundishwa kutengeneza vifaa vya kuchezea kwa vifuu, mbegu, vizibo na mabaki ya vitambaa, na kuvipanga ili mtoto achague mwenyewe. Ni ushahidi kwamba malighafi ya nyumbani inaweza kusimama darasani bila aibu na bila kumnyima mtoto herufi. Ningeongeza jambo moja tu: hata hapo, mara nyingi mwalimu ndiye fundi. Mtoto hupokea kifuu kilichokwisha kusuguliwa. Hatua ya kumwachia hata kazi ya kusugua ni ndogo, na kwayo angerudishiwa kile ambacho mtoto wa Buwenge alikuwa nacho kabla ya chekechea yoyote.

Kuna kikwazo kingine ambacho hakitoki darasani hata kidogo. Kiwanda cha sukari cha Kakira, kilichoanzishwa na Muljibhai Madhvani mwaka 1930, kwa miaka mingi kilitegemea zaidi mashamba yake makubwa. Katika miongo ya karibuni wakulima wadogo wa Busoga nao wamegeuza ardhi yao kuwa ya miwa ya kuuza kiwandani, na viwanda vingine vimefuata. Muwa huleta fedha, lakini hula nafasi ya vyakula, na baadhi ya watoto wa shule huvutwa na kibarua cha kuukata na kuupakia. Shamba la miwa halina maganda ya kusokotea mpira. Panapoondolewa migomba ya nyuma ya nyumba, huondoka chakula, kivuli na karakana ya mtoto kwa pamoja. Kule Mbale, kwenye miteremko ya Mlima Elgon ambako ndizi na kahawa bado hukaa bega kwa bega, malighafi ingali karibu. Anayejadili elimu ya mtoto wa Busoga bila kutazama kinachopandwa nyuma ya nyumba yake anaacha nje nusu ya jambo.

Jambo hili limewahi kujitokeza wazi kwa namna ambayo hakuna aliyeitarajia. Mwaka 2012 UNESCO iliandikisha bigwala, muziki wa tarumbeta za vibuyu wa ufalme wa Busoga, katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Ulikuwa muziki wa kumtawaza mfalme na kumzika, na wakati huo mafundi wazee waliobaki walikuwa wanne. Kila tarumbeta ina sauti moja tu. Hutakiwa tano au zaidi, na wimbo haupatikani mpaka wapulizaji wapokezane, kila mmoja akiingia pale mwenzake alipoachia. Walipokusudia kuwafundisha vijana na wanafunzi, mafundi walikuta kwamba vibuyu virefu vya kutengenezea vimekuwa adimu kuliko hata wapulizaji. Ikabidi waanzie shambani. Mbegu zikatafutwa, zikapandwa, mimumunye ikatambaa. Na waliotaka kujifunza wakasubiri vibuyu vikue, vikomae, vikauke hadi vitoe mlio vikigongwa, ndipo vikatwe na kuungwa, na mtu wa kwanza ajaribu kupuliza.